Kwa Nini Ufaransa Ina Jina la Watu wa Jamii ya Kijerumani?

Mjerumani anapoitaja Ufaransa husema Frankreich, yaani milki ya Wafranki, na katika neno hilo moja kuna fumbo zima: Wafranki walikuwa watu wa jamii ya Kijerumani, ilhali Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, na wenyeji wa kale wa nchi hiyo hawakuwa Wafranki wala Warumi.

Wenyeji hao, Wagallia, walikuwa makabila mengi yaliyosema lugha za Kikelti. Julius Caesar, jemadari wa Roma, aliwavamia mwaka 58 KK, na mwaka 52 KK kiongozi wao Vercingetorix alizingirwa huko Alesia mpaka akajisalimisha. Ikafuata miaka zaidi ya 400 ya utawala wa Roma, ambamo Kigallia kilififia polepole na kuacha majina ya mahali, likiwemo la Paris, lililotokana na kabila la Waparisii.

Wafranki walitokea ukingo wa chini wa mto Rhine. Wengi huwadhania kuwa washenzi waliokuja kuibomoa Roma, dhana ambayo kwangu inapotosha, kwa kuwa wengi wao walikuwa askari wa Roma hiyo hiyo. Kaburi la mfalme wao Childeric, lililofukuliwa kwa bahati mwaka 1653 huko Tournai, katika Ubelgiji ya leo, lilikuwa na pete ya muhuri iliyomwonyesha akiwa na mkuki mkononi na nywele ndefu zilizopasuliwa njia katikati, mtindo wa wafalme wa Kifranki. Lakini mavazi yake ni ya jemadari wa Kirumi, na maandishi, CHILDERICI REGIS, ni Kilatini cha kusema "ya mfalme Childeric". Pete yenyewe iliibwa Paris mwaka 1831, tukabakiwa na nakala za alama yake.

Mwanawe Clovis alimshinda Syagrius, mtawala wa mwisho wa Kirumi katika Gallia, mwaka 486 huko Soissons, kisha akabatizwa Mkatoliki mjini Reims, wakati wafalme wa Wagothi, watu wengine wa jamii ya Kijerumani, walifuata mafundisho ya Ario, kasisi aliyekana kwamba Kristo ni sawa na Mungu Baba. Ubatizo huo ulimpatia uungaji mkono wa maaskofu, na maaskofu ndio waliosikilizwa na raia. Wafranki walikuwa wachache kuliko waliowatawala. Hata sheria yao wenyewe waliiandika kwa Kilatini, na vizazi vyao vikakulia katika lugha ya wenyeji. Mwaka 842, wajukuu wawili wa Charlemagne, mfalme mkuu wa Wafranki, walipoapiana Strasbourg, Ludwig wa upande wa mashariki wa milki alilazimika kuapa kwa lugha iliyokuja kuwa Kifaransa ili askari wa nduguye Charles wamwelewe.

Lugha ya Wafranki ikapotea upande wa magharibi, jina likabaki na kusafiri mbali: faranga inayohesabiwa leo sokoni Kigali na Bujumbura imelipata jina lake, kupitia Kifaransa, kwa watu hao wa kando ya Rhine.