Bendi zilizokosea saa

Jumapili moja jirani yangu, fundi redio, alisimama mlangoni, akategea sikio kidogo, akaniuliza: "Kaka, hiyo spika imeharibika au ndivyo wanavyopiga?" Nikamwambia ndivyo wanavyopiga. Nilikuwa nimeweka bendi ya Watchtower, na kwa mtu anayewasikia mara ya kwanza swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Mimi napiga drams kwenye bendi ya dansi. Nikirudi nyumbani nasikiliza roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zenye midundo ya kukatakata, na metali (roki nzito) ya jamii hiyo. Bendi maarufu kama Yes, King Crimson na Dream Theater zina watu wengi wa kuwasemea, kwa hiyo leo naziacha. Nataka kuwaeleza wale waliotoa kazi nzuri kwa saa isiyo yao.

Waliochelewa kuliko wote ni Änglagård wa Uswidi. Albamu yao ya kwanza, Hybris, ilitoka 1992, wakati vijana wenzao wameshakimbilia granji, roki ya gitaa chafu kutoka Seattle, Marekani. Wao wakaja na nyimbo nne tu, ndefu, na vyombo vya miaka ya 70. Wakiimba, wanaimba Kiswidi, na hawaimbi sana. Jordrök, unaofungua albamu, hauna neno hata moja: piano inaanza peke yake, taratibu, halafu bendi nzima inakuangukia.

Kinachonirudisha kwenye albamu hii ni kinanda kiitwacho Mellotron. Si sinthesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme. Chini ya kila kitufe kuna kipande cha mkanda wa sumaku, kama ule wa kaseti, uliorekodiwa fidla, filimbi au kwaya halisi. Ukibonyeza, mkanda unapita kwenye hedi, kile kichwa cha kuusoma, na sauti inatoka. Baada ya sekunde kama nane mkanda umekwisha, sauti imekata. Ukiachia kidole, springi inaurudisha mwanzo. Kwa hiyo mpigaji hawezi kulalia kodi moja (noti kadhaa zikipigwa pamoja) anavyotaka. Lazima ahamishe vidole kabla mkanda haujamwishia. Na kwa kuwa ni mkanda, sauti inayumba kidogo, kama kwaya inayosikika kutoka chumba cha pili. Sikiliza filimbi ya Anna Holmgren, ambayo ni filimbi ya kweli, ikipita juu ya kwaya ile ya mkanda.

Walitoa Epilog mwaka 1994, wakasambaratika. Albamu ya tatu, Viljans Öga, ilikuja 2012.

Watchtower wa Austin, Texas, wao waliwahi mno. Energetic Disassembly waliitoa 1985, miaka minne kabla ya albamu ya kwanza ya Dream Theater, na metali ya namna ile ilikuwa bado haijapata hata jina. Ila ukitaka kuanza, anza na Control and Resistance ya 1989. Humo mna wimbo Mayday in Kiev, unaohusu ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Usihangaike na gitaa la Ron Jarzombek, litakukimbia tu. Shika besi ya Doug Keyser, ndiyo itakayokuonyesha njia.

Na hesabu ya mapigo? Sisi wa dansi tumezoea mapigo manne. Ukifika kwenye sebene mwili unahesabu wenyewe. Hawa wanakata. Ukikutana na saba, usihesabu moja hadi saba, utachanganyikiwa. Gonga meza hivi: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Lile pigo moja la ziada mwishoni ndilo linalomfanya fundi redio adhani spika ina hitilafu. Nilifanya hivyo kwenye daladala wiki nzima, kondakta akadhani namwita.

Kule Florida kulikuwa na Atheist na Cynic, waliochanganya metali nzito na jazi. Mpiga besi wa Atheist, Roger Patterson, alifariki katika ajali ya gari Februari 1991, akiwa safarini na bendi. Besi za albamu iliyofuata, Unquestionable Presence, alikuwa ameshazitunga. Tony Choy ndiye aliyeingia studio kuzirekodi, mwaka huohuo. Ukijua hilo, besi ile unaisikia tofauti. Focus ya Cynic, ya 1993, ni laini zaidi, na sauti ya vokoda iliyomo, kifaa kinachofanya uimbaji usikike kama wa roboti, imewashinda rafiki zangu wawili. Mimi naipenda.

Univers Zero wa Ubelgiji siwezi kusema waliwahi wala walichelewa, kwa sababu sijui saa yao ni ipi. Heresie ya 1979 ina fidla, harmoniamu (kinanda cha mivukuto) na basuni, ile zumari ndefu ya mbao yenye sauti ya kaburini. Gitaa limo, ila si la kukutuliza. Wimbo La Faulx una dakika kama 25, na za mwanzo ni minong'ono na miguno tu. Mwanangu alitoka chumbani saa tano usiku kuuliza nani analia. Tangu siku hiyo nauweka mchana.