Mizani si nusu kwa nusu

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mtangazaji mmoja hapa Kampala akiwahimiza wasikilizaji waweke mizani baina ya kazi na familia, kisha akafafanua kwamba maana yake ni kuupa kila upande saa zilizo sawa. Nia yake ni njema, lakini neno amelitwisha mzigo usio wake.

Kwa kifupi, kitu huwa na mizani pale nguvu zinazokivuta huku na zinazokivuta kule zinapobatilishana, kikatulia. Kitu kilichosimama hakianguki maadamu mstari wa wima unaoshuka kutoka kitovu chake cha uzito umeangukia ndani ya kitako chake. Maana ya kitamathali imejengwa juu ya hiyo.

Asili ya maneno ndiyo yenye mengi. Mizani tumelipata katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kupima uzito, uleule uliotupa uzani. Usawa limetokana na sawa, nalo ni la Kiarabu, lakini mzizi wake ni mwingine kabisa, wa kulingana. Sioni kwa nini tuyafanye pacha. Balansi, tunalolisikia kila siku ndani ya teksi, limezunguka zaidi. Chanzo chake ni neno la Kilatini bilanx, yaani yenye vitanga viwili. Watunza hesabu waliichukua picha hiyo wakalifanya daftari kuwa mizani, huku fedha zilizoingia, huku zilizotoka, na kiasi kilichohitajika kuongezwa upande mwepesi ili pande zilingane kikaja kuitwa kwa jina hilohilo. Ndiyo maana ukimpa kondakta noti ya 5,000 kwa nauli ya 2,000, kisha ukadai balansi yako, unadai zile 3,000 zinazoziba pengo. Wengine wataziita chenji, na fedha zilizobaki katika simu wataziita salio. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo, mradi kondakta azitoe kabla sijashuka.

Ugomvi wangu ni huo wa nusu kwa nusu. Nadhani tumepotoshwa na mizani ya vitanga viwili, ambayo mikono yake ina urefu mmoja, kwa hiyo haikai mlalo mpaka mizigo ilingane. Lakini ipo pia mizani ya fimbo. Gunia la kahawa huning'inizwa kwenye mkono mfupi, karibu kabisa na ndoana inayoishikilia fimbo, na jiwe husogezwa taratibu kwenye mkono mrefu wenye alama mpaka fimbo ikae mlalo. Tukiacha uzito wa fimbo yenyewe, jiwe la kilo 2 laweza kulituliza gunia la kilo 60, ikiwa limekaa mbali na ndoana hiyo mara 30 kuliko gunia. Mizani ipo, usawa wa uzito haupo.

Jambo hilohilo nililiona juzi asubuhi kwa kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli ya matoke. Alikuwa na mikungu mitatu kushoto na miwili kulia, lakini mmoja kati ya ile ya kulia alikuwa ameufunga kwa nje, mbali na gurudumu, juu ya kijiti alichokichomoza makusudi. Baiskeli ilikwenda wima, mkono mmoja tu kwenye usukani.

Hata washairi, ambao kwao mizani ni idadi ya silabi, hawakuwahi kudai kila mshororo ulingane na mwenzake. Wapo wanaotunga silabi 8 kwa 8 tangu mwanzo hadi mwisho, na lipo shairi la msuko, ambalo kibwagizo chake hufupishwa kuliko mishororo mingine, na hakuna msomaji anayesema mizani imeanguka.

Basi mtangazaji wetu, akikusudia saa zilizo sawa, aseme usawa, ni neno zuri na halina kosa. Akisema mizani, awaulize wasikilizaji wake ni kipi kinawavuta na kinawavutia kutoka umbali gani. Muuguzi wa zamu ya usiku anayepata saa 2 tu na wanawe kabla hawajaenda shule huenda ana mizani tayari, na ushauri wa saa 12 kwa 12 ndio utakaomwangusha.