Akidi ni ngapi? Inategemea mnaogopa nini

Kazi yangu ni bakteria, maabara hapa hapa Mwanza. Lakini swali la akidi (idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kihesabike; wengine wanaita koramu) silipati kwa wanafunzi tu, nalipata zaidi kwa watu wa vikundi: "Tumefika 12 kati ya 30, tuendelee au tuahirishe?" Kisheria jibu liko kwenye katiba yenu ya kikundi. Ila kama ndiyo kwanza mnaiandika, kabla ya kutaja namba semeni kwanza mnaogopa nini.

Kwenye vikao hofu ni wachache kujipitishia mambo wenzao hawapo. Wa mialoni wananielewa. Itisha kikao cha wavuvi wa dagaa asubuhi, siku zile ambazo usiku hauna mbalamwezi, uone: mwenyekiti, katibu na akina mama wawili waliotoka kuanika. Wengine wamelala, wamekesha ziwani na taa. Kiitishe mbalamwezi ikiwa pevu, siku ambazo dagaa hawafuati taa na mitumbwi imepumzika, daftari la mahudhurio litajaa. Anayepanga tarehe ana nguvu kubwa, na akidi ndiyo inayomshika mkono.

Bunge letu limeweka nusu ya wabunge wote. Zile theluthi mbili zinazotakiwa kubadili Katiba ni kitu kingine, ni kura za kupitisha, ingawa watu huzichanganya na akidi kila siku. Na kuna mambo ya Muungano yanayodai theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande peke yake. Hofu iliyo nyuma ya sharti hilo haihitaji maelezo.

Akidi ina ubaya wake: asiyetaka jambo lipite anaweza asije tu, au aondoke. Mwaka 1840 Abraham Lincoln, akiwa mjumbe wa bunge la jimbo la Illinois, aliruka dirishani ili kuvunja akidi. Hakufanikiwa, maana alikuwa ameshahesabiwa.

Misikitini ni hofu ya namna nyingine, ya ibada kutosihi. Kwa Shafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa ukanda wetu, Ijumaa inataka watu 40. Hanafi wanatosheka na wachache zaidi.

Watu wa kompyuta wao wanaogopa kweli mbili. Chukua mfumo wa fedha wenye seva 5, yaani kompyuta za kuhifadhi taarifa, kila moja na nakala ya salio lako. Muamala haukubaliki mpaka seva 3 ziuthibitishe. Kwa nini 3? Chagua seva 3 zozote, kisha chagua tena 3 zozote: lazima makundi hayo mawili yawe na angalau seva moja ya pamoja. Mtandao ukikatika katikati, seva zikagawanyika 3 na 2, upande wa 2 unanyamaza. Hela ile ile haiwezi kutolewa pande zote mbili. Ndiyo maana pia seva huwa 3 au 5; ukiongeza ya 4 unalipia mashine nzima, na bado mfumo unavumilia kufa kwa moja tu, kama zilipokuwa 3, maana zaidi ya nusu ya 4 ni 3.

Sasa nije kwangu. Bakteria hawana katibu wala daftari. Kila mmoja anatoa kemikali kidogo ya ishara, na ikijaa pale walipo wanajua wako wengi. Wanachokwepa ni kupoteza nguvu kwa kazi ambayo mmoja haiwezi. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walieleza jinsi bakteria wa baharini, Vibrio fischeri, wanavyokaa gizani wakiwa wachache na kuwaka wakishasongamana. Ukichukua kimiminika cha chupa iliyosongamana ukawawekea wachache, nao wanawaka mapema. Wamedanganywa kwamba kikao kimetimia.

Wengi wa vimelea ninaowaona hungoja wingi ndipo washambulie. Cha kipindupindu, ugonjwa tunaoujua vizuri huku ziwani, kinafanya kinyume. Kikiwa kichache ndipo kinapong'ang'ania utumbo na kutoa sumu. Akidi ikitimia kinaacha sumu, kinajibandua na kutoka na kuhara, kurudi majini kutafuta mtu mwingine. Mimi hii naiona ni akili ya kutisha kwa kiumbe kisicho na ubongo.

Basi kwa kimelea hiki huhitaji kuziba ishara, unaongeza. Mwaka 2010 watafiti walichukua bakteria wa tumboni wasio na madhara, wakawafanya watoe ishara ya kipindupindu, wakawalisha watoto wa panya kabla ya kuwaambukiza. Vimelea vikajiona vimeshakuwa vingi, na panya waliopona walikuwa wengi zaidi. Hiyo ni ya panya. Kwetu sisi bado ni kuchemsha maji, klorini na ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini.