Kuunganisha kundi lililopoteza malkia

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wafugaji nyuki wenzangu ni hili: "Kundi langu halina malkia, niliunganishe na lipi?" Nami huanza kwa kuuliza: umejuaje kwamba halina?

Kutomwona malkia si ushahidi. Malkia bikira ana umbo dogo na mbio nyingi, na kwenye sega lililojaa nyuki anaweza kukupita machoni mara kadhaa. Tena katika kipindi hicho hatagi. Tangu yai hadi malkia mpya kutoka kwenye seli yake ni siku 16, kisha anahitaji wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, ili akomae, aruke kupandwa na madume, kisha aanze kutaga. Kwa hiyo kundi lililoanza kujilelea malkia mwingine linaweza kukaa karibu mwezi mzima bila yai hata moja, na lisiwe na tatizo lolote. Ukiliunganisha katika hali hiyo, unamkutanisha malkia bikira na yule anayetaga vizuri, na hakuna anayekuhakikishia kwamba atakayeuawa ni bikira.

Ndiyo maana siunganishi kabla ya kufanya jaribio la fremu, yaani kiunzi kinachobeba sega. Chukua fremu moja yenye mayai na majana (watoto wa nyuki) machanga kabisa kutoka kwenye kundi lenye afya, pangusa nyuki wote warudi kwao, hakikisha malkia wao hayumo, kisha iweke katikati ya mzinga unaoutilia shaka. Iwekee alama. Baada ya siku tatu au nne, itazame. Ukikuta seli zinazoning'inia, zenye umbo la ganda la karanga, basi nyuki wenyewe wamekujibu: hawana malkia. Usipokuta hata moja, funga mzinga na uwape muda, kwani yaelekea malkia yumo.

Hata jibu likiwa kwamba hayumo, kuna hali moja inayobadilisha mpango wote: vibarua, yaani nyuki majike wafanyakazi, wanaotaga. Katika kundi zima, harufu za malkia na za majana huzuia ovari za vibarua kukua. Malkia akitoweka na majana ya mwisho yakishatoka, jambo linalochukua kama wiki tatu kwa kuwa kibarua huchukua siku 21 tangu yai, kizuizi hicho huondoka na baadhi yao huanza kutaga. Utawatambua kwa kuinamisha fremu ili mwanga uingie hadi ndani ya seli: mayai mawili, matatu au zaidi katika seli moja, mengine yamebandikwa ukutani kwa sababu tumbo la kibarua ni fupi na halifiki chini. Baadaye vifuniko vinavimba kama kuba juu ya seli za vibarua. Mayai hayo hayakurutubishwa, hivyo hutoa madume tu, jambo ambalo Johann Dzierzon alilieleza tangu 1845.

Kundi la namna hiyo silirundiki juu ya jingine kwa njia ya karatasi ya gazeti, nitakayoieleza hapa chini. Limeshazoea hali yake na linaweza kumuua malkia utakayelipelekea. Napendelea kulibeba mbali kidogo na mzinga wake, siku ya jua, nikawakung'utia nyuki wote majanini, kisha nikauondoa mzinga wao wa zamani. Wanaoweza kuruka wataomba kupokelewa kwenye mizinga ya jirani, na wengi hupokewa, hasa wakiwa na asali tumboni. Isipokuwa kwa nyuki wa Rasi, kule kusini mwa Afrika. Vibarua wao hutaga mayai yanayotoa majike, na wanaweza kuliteka kundi jingine lenye malkia wake. Hao usiwasambaze kabisa.

Kabla ya kuunganisha, kagua majana ya pande zote mbili. Jana lililokufa ukilichoma kwa kijiti likavutika kama uzi wa kahawia, simamisha kila kitu, maana hiyo ni dalili ya ugonjwa hatari wa kuoza kwa majana, ambao mbegu zake huishi miongo kadhaa kwenye masega. Kundi ambalo limedhoofika kwa ugonjwa halisaidiwi kwa kuunganishwa, bali linaupeleka ugonjwa huo kwa wenzake.

Kama yote ni salama, kazi yenyewe ni fupi. Sogeza mizinga taratibu hadi ikaribiane, chini ya mita moja kwa kila siku nyuki wanaporuka, la sivyo nyuki wanaotafuta chakula watarudi pale pa zamani. Ngoja jioni, wakati wengi wamesharudi. Fungua mzinga wenye malkia, tandaza karatasi moja ya gazeti juu ya fremu, itoboe mipasuko michache kwa ncha ya kisu, kisha weka sanduku la wasio na malkia juu yake, likiwa na nyuki wake wote. Moshi kidogo tu unatosha. Kama ni kipindi cha joto, acha upenyo mdogo wa hewa upande wa juu, kwa sababu nyuki waliofungiwa hupata joto kali haraka.

Karatasi hufanya kazi kwa kuwanunulia nyuki muda. Walinzi humtambua mgeni kwa harufu yake, na kundi ghafla juu ya kundi ni vita. Ila wakitafuna karatasi polepole kutoka pande zote mbili, harufu zao huchanganyika kabla hawajakutana ana kwa ana. Siku ya pili au ya tatu angalia mlangoni na chini ya mzinga: ukiona vipande vidogo vya karatasi vilivyotafunwa vikitolewa nje, mambo yanaendelea. Uvumo mrefu na wa wasiwasi uliokuwa kwenye sanduku la juu nao hupungua.

Usifungue kwa wiki moja. Najua hamu inavyokuwa, lakini kuwavuruga mapema huweza kuwafanya wamzingire malkia kwa wingi na kumuua. Ukifungua, usimtafute yeye. Tafuta yai moja moja chini ya seli, likiwa limesimama wima. Hilo ni la jana au la leo. Kisha ondoa mabaki ya karatasi na upange fremu: majana yakae pamoja, asali pembeni, masega matupu yatolewe na kulindwa dhidi ya nondo wa nta hadi kundi litakapohitaji nafasi tena.