Redio, muziki mzuri na dhana zinazowapoteza wasikilizaji

Wapenzi wa muziki wa Afrika Mashariki, hasa wale waliokua wakisikiliza idhaa za taifa, wana malalamiko wanayoyarudia kila wanapokutana: redio haipigi tena muziki wa maana, redio imekufa, na muziki wenyewe umekwenda nayo. Yapo ya haki katika malalamiko hayo. Hata hivyo yamechanganyika na dhana kadhaa zisizo za kweli, na hasara yake ni kubwa, kwa sababu msikilizaji anayeziamini hukata tamaa mapema na kubaki na nyimbo zilezile alizozizoea tangu ujanani, huku wanamuziki hodari wakipiga bila kusikilizwa.

Dhana ya kwanza ni kwamba redio imekufa. Ukweli ni kwamba idadi ya vituo imeongezeka mno. Hadi sheria ya utangazaji ya 1993, Tanzania Bara ilitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, peke yake. Radio One ilipoanza kusikika mwaka 1994, njia ilifunguka, na leo karibu kila mkoa una vituo vyake. Mkulima shambani, fundi cherehani barazani na dereva barabarani bado wanasikiliza. Kilichopungua ni kazi moja mahususi, nayo ni ile ya mtangazaji mwenye maarifa kuingia katika maktaba ya santuri na kanda, kuchagua kwa sikio lake, kisha kumweleza msikilizaji ni bendi gani inapiga, nani ameimba na nani ameshika gitaa la solo. Siku hizi asubuhi imekuwa ya mazungumzo na magazeti, jioni ni ya michezo, na katikati huwekwa nyimbo chache zinazojirudia bila hata jina la mtunzi kutajwa. Kutotajwa huko mimi nakuona kuwa hasara kubwa kuliko kujirudia kwenyewe, kwani msikilizaji asiyejua jina hana pa kuanzia anapotaka kutafuta zaidi.

Wengine husema kwamba intaneti ndiyo iliyouondoa muziki mzuri redioni. Mpangilio wa matukio haukubaliani nao. Kituo binafsi huishi kwa matangazo ya biashara, na mwenye tangazo hataki msikilizaji ahamie kituo kingine. Kwa hiyo wasimamizi wa vipindi walianza kuogopa wimbo usiojulikana tangu ushindani ulipokuwa mkali, kabla simu zenye intaneti hazijawafikia watu wengi. Juu ya hilo kuna mtindo wa msanii au meneja wake kumpa mtangazaji kitu kidogo ili wimbo upigwe, jambo ambalo wasanii wa Tanzania na Kenya wamelilalamikia hadharani kwa miaka mingi. Intaneti ilikuta nafasi imekwisha kuwa finyu.

Dhana yenye nguvu kuliko zote, na ninayotaka kuijadili kwa kirefu, ni kwamba zamani redio ilipiga kila kilichokuwa kizuri. Sina nia ya kuipunguzia RTD heshima yake. Katika nchi ambayo haikuwa na kiwanda cha santuri, studio yake iliyokuwa Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, ndiyo iliyorekodi bendi moja baada ya nyingine: NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park na nyingine nyingi. Bila kanda zile, sehemu kubwa ya muziki wa dansi ingepotea na wapigaji wake, na kila mwenye kuupenda muziki huu anadaiwa shukrani kwa mafundi mitambo waliozirekodi na kuzitunza.

Lakini mlango ulikuwa mmoja, na mlango mmoja huwa na mlinzi wake. Mashairi yalikaguliwa kabla ya kurushwa hewani. Remmy Ongala, ambaye rekodi zake zilitolewa Uingereza na kusikika mbali, alipotunga wimbo wa kuwahimiza watu wajikinge na UKIMWI kwa kutumia kondomu, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu waliujua kupitia kumbi za dansi na kanda walizopeana mkono kwa mkono. Bendi zilizotaka santuri zilifuata studio na viwanda vya Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Yeyote anayedhani kwamba msikilizaji wa enzi hizo alipata kila kitu kwa kuwasha redio tu, anasahau nyimbo ambazo hazikuwahi kufika studio.

Upande wa Pwani mambo yalikuwa wazi zaidi. Mombasa, taarab ilisambazwa na maduka kama Mbwana Radio Service, ambalo pamoja na shughuli zake nyingine lilirekodi waimbaji na kuuza kanda zao. Na kanda zilizosakwa sana ni zile zilizorekodiwa harusini, zikiwa na vigelegele, mwimbaji akijibiwa na waliomtuza. Tukirudi nyuma zaidi, Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na sauti yake ikaenea mwambao mzima kwa gramafoni kabla Zanzibar haijawa na kituo cha redio. Kwa hiyo muziki wa Kiswahili ulijua kutembea bila redio tangu mwanzo. Redio ilikuja ikawa njia pana kwa muda wa vizazi viwili hivi, nayo sasa imerudi kuwa njia mojawapo miongoni mwa nyingi.

Ipo pia dhana kwamba wimbo usiopigwa redioni ni wa daraja la chini. Singeli inatosha kuivunja. Muziki huu ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese na Tandale, ukakulia kwenye sherehe za vigodoro na kusambaa kwa kadi za kumbukumbu, bluetooth na spika za barabarani, wakati vituo vingi vikiuona kuwa kelele za wahuni. Kasi yake hufika mapigo 200 kwa dakika na kupita, na mwimbaji anayeweza kupanga maneno yenye vina na utani ndani ya kasi hiyo ana ufundi unaostahili kuitwa ufundi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, na maprodyuza wa mitaa hiyo wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Vituo vya nyumbani vilivyoipa nafasi vilifanya hivyo baada ya mitaa kuwa imekwisha kuamua, na kwa hakika baadhi viliifanyia kazi nzuri. Asiyependa singeli ana haki yake; ila asiseme haifai kwa kuwa haikupewa muda hewani.

Nageukia dhana iliyo mpya kuliko hizo, nayo ni kwamba programu za kusikiliza muziki zina kila kitu na zinajua unachokipenda. Spotify iliingia Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, ikikuta Boomplay na Mdundo zimekwisha kuzoeleka, na ni kweli kwamba zimeleta wingi ambao maktaba ya kituo kimoja isingeweza kuushika. Lakini programu hupendekeza kwa kufuata yale uliyokwisha kusikiliza na yale wanayosikiliza wengi, kwa hiyo hukuzungusha palepale. Wimbo usio na wasikilizaji haupendekezwi, na usiopendekezwa haupati wasikilizaji. Tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12, na hapo kikundi kidogo cha taarab au cha ngoma ya asili huondoka mikono mitupu.

Kuna na tatizo la majina, ambalo kompyuta haiwezi kulitatua bila mtu anayejua historia. Bendi iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1964 kama NUTA Jazz ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, kwa kuwa chama chenyewe kilikuwa kikibadili jina. Mlimani Park inajulikana kwa wapenzi wake kwa jina la mtindo wake, Sikinde. Programu huziona hizo kuwa bendi tofauti, na rekodi nyingine zimewekwa na watu binafsi kwa tahajia za kubahatisha, bila mwaka wala jina la mtunzi. Anayetafuta kwa jina moja atapata robo ya hazina akadhani ameimaliza. Atafute kwa majina yote, pamoja na jina la mwimbaji na la mpiga solo.

Baadhi ya watu huamini kwamba kutafuta namna hii ni shughuli ya wenye fedha na wakati mwingi. Si lazima iwe hivyo. Mtandao wa Radio Garden, ulioanza mwaka 2016, unamwezesha mtu aliye Mwanza au Muscat kusikiliza vituo vya miji mingine bila malipo zaidi ya bando lake, na huko atakuta watangazaji ambao bado wanachagua muziki kwa sikio lao. Lebo ya Buda Musique ya Ufaransa imetoa mfululizo wa Zanzibara, ambamo taarab na dansi vimekusanywa pamoja na maelezo ya nani alipiga nini. Ketebul Music ya Nairobi imewafuata wanamuziki wa zamani wa Kenya, ikarekodi masimulizi na muziki wao. Nairobi hiyohiyo, katika Soko la Kenyatta, kuna kibanda cha santuri ambamo mnunuzi husikiliza kwanza na kuuliza maswali kabla ya kulipa. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kinachofundisha taarab tangu 2002, na tamasha la Sauti za Busara ambalo limefanyika karibu kila mwaka tangu 2004. Na kwa mkazi wa Dar es Salaam, Msondo na Sikinde bado wanapanda jukwaani. Kiingilio anacholipa mlangoni kinamfikia mwanamuziki kwa njia fupi kuliko mirabaha ya redio, ambayo wasanii wengi wa zamani wameisubiri miaka mingi bila kuiona.