Kujifungulia ughaibuni hakuwapi wazazi uraia

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu ya familia, umepambwa na bendera za nchi tatu nne: “Ukijifungulia Ulaya au Marekani, familia nzima mnapewa uraia.” Si kweli, na ni hatari kwa familia inayofikiria kuuza kiwanja ili isafiri.

Uingereza, tangu tarehe 1 Januari 1983, kuzaliwa pale peke yake hakumpi mtoto uraia. Kwa kawaida anaupata iwapo, siku anayozaliwa, baba au mama ni raia au ana kibali cha kuishi huko bila ukomo. Wazazi walioingia kwa viza ya matembezi wataondoka na cheti cha kuzaliwa, basi. Hata Marekani, ambako mtoto amekuwa akipata uraia kwa kuzaliwa kwenye ardhi yake, wazazi hawaupati kupitia kwake. Anaweza kuwaombea ukaazi akifikisha miaka 21, na ukaazi si uraia.

Mkanganyiko huu una chanzo. Kabla ya 1983 karibu kila mtoto aliyezaliwa Uingereza alikuwa raia. Kwa hiyo shangazi anayesimulia wanawe waliozaliwa London mwaka 1975 hasemi uongo; sheria ndiyo iliyobadilika.

Kuhakiki ni rahisi: fungua tovuti ya serikali ya nchi husika (anwani ya Uingereza huishia na gov.uk), tafuta ukurasa wa uraia wa watoto, usome masharti kulingana na mwaka wa kuzaliwa. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyekutumia, kwa upole, kuhusu hiyo tarehe ya 1983.