Senso-e ni nini?

Ukikuta picha ya Kijapani ina wanajeshi wa makoti meusi wamejipanga sawasawa kwenye theluji, na upande wa pili watu wa nguo za rangi kali wanakimbia hovyo, hiyo huenda ni senso-e. Kwa Kijapani senso ni vita, e ni picha, basi.

Ni chapa za mbao. Mchoraji anachora, fundi anachonga ubao, mwingine anapaka rangi na kugandamiza karatasi, na kwa kawaida kila rangi ina ubao wake, halafu mara nyingi unakuta karatasi tatu zinapangwa pamoja zinakuwa picha moja pana. Msimu wake mkubwa ulikuwa vita vya Japani na China, 1894 hadi 1895. Magazeti bado yalikuwa yanahangaika kuchapa picha za kamera, kwa hiyo aliyetaka kuona vita alinunua hizi, na zilienda kama njugu.

Sasa utamu wenyewe ni huu: wachoraji wengi hata huko vitani hawakukanyaga. Walikaa Tokyo wanasoma habari gazetini, mengine wanajazia kichwani. Chukua mapigano ya Seonghwan kule Korea, Julai 1894. Ikavuma kwamba mpiga tarumbeta mmoja alipigwa risasi akaendelea kupuliza mpaka akakata roho, wachoraji wakamchora fasta wakimwita Shirakami Genjiro, jamaa akawa shujaa wa nchi nzima, baadaye ikasemwa kumbe siye, ni Kiguchi Kohei, na huyo ndiye aliyeingizwa kwenye vitabu vya shule. Picha zilikuwa zimeshauzwa zamani!

Ni propaganda, tusidanganyane. Mjapani anachorwa mtulivu, Mchina anachorwa kama kikaragosi, uso umekunjamana, nywele zimesukwa zinaruka hewani, yaani dharau tupu. Ila mkono wa kazi ulikuwepo, mtu kama Kobayashi Kiyochika alijua kuchezea giza na mwanga, moto wa usiku unauona kabisa unavyowapiga askari usoni, na hapo ndipo mimi hushindwa kuichukia hiyo picha ingawa najua inanidanganya.

Vita na Urusi ilipokuja 1904 senso-e zilitolewa tena, lakini safari hii watu walishaanza kuzoea picha za kamera na postikadi, soko likawa limepoa.